Kwa Dama, Kabla Hujawanyamazisha

Mwanangu Dama,

Sitakuuliza hujambo, maana nakusikia hapo chumba cha pili ukihangaika na zipu ya begi, na mtu anayeweza kuvutana na zipu namna hiyo ni mzima. Wala sitakuandikia habari za chandarua na maji ya kuchemsha. Shangazi yako amekuimbia hayo wiki nzima na ataendelea mpaka gari liondoke. Naandika kwa sababu nina hasira nawe, na nikizungumza nikiwa hivi nitapandisha sauti, wewe utaniambia, "Sawa mama," na mambo yataishia hapo. Afadhali nikuandikie, ukasome mbele ya safari, ambako hutaweza kunikatiza kwa sawa mama.

Nadhani hata hujui kilichonikasirisha. Jana mchana watu walipokuja kukuaga, mjomba wako Kazungu alikukabidhi fimbo ya mpera aliyoichonga mwenyewe. Watu wakacheka. Ukaipokea kwa mikono miwili, ukaichapa hewani, ukasema, "Watoto hao nitawanyoosha siku ya kwanza. Darasa langu mtasikia hata nzi akiruka." Wakacheka tena, na jirani akasema huyo ndiye mwalimu sasa. Mimi nikainuka kwenda jikoni. Ulidhani naenda kutazama wali. Wali ulikuwa umeiva zamani. Fimbo hiyo usiitafute, nimeivunja nikaitia mekoni.

Utasema ulikuwa mzaha. Najua mzaha, mwanangu, na najua sauti ya mtu anayesema jambo analolikusudia huku akijificha kwenye kicheko. Uliposema hivyo uliwatazama wakubwa wote waliokaa barazani kuona kama wamependa. Walipenda. Hicho ndicho kilichonichoma.

Darasa hilo la nzi mimi nimelifundisha. Nilipoajiriwa Matsangoni nilikuwa na umri kama wako, na sifa kubwa niliyopewa ilikuwa kwamba watoto wangu hawasikiki. Wageni wakija, walipitishwa dirishani kwangu waone. Nilikuwa nauliza, "Tumeelewa?" na wote wanaitika kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu." Nikiuliza swali, mikono ileile inainuka, mmoja anatoa jibu nililokuwa nalo kichwani, nawaambia wenziwe wampigie makofi, tunasonga mbele. Kwenye mpango wangu wa somo niliandika "majadiliano", na kweli niliamini tumejadiliana. Hakuna mtoto aliyekuwa amemsikia mwenziwe. Walikuwa wakinisikia mimi, nami nilikuwa nikijisikia mwenyewe.

Miaka kadhaa baadaye, wewe ukiwa bado mdogo, katika darasa la nne alikuwemo msichana akiitwa Mapenzi. Mwembamba, mtaratibu, mama yake akikaanga viazi karai kando ya barabara kuu. Muhula mzima sikuijua sauti yake ila alipoitika jina, na kwenye ripoti nikaandika kwamba ni mtoto mwenye adabu lakini mzito wa kuelewa. Siku moja wakati wa mapumziko nikapita nyuma ya darasa, nikasikia watoto wanabishana kwa Kigiriama, lugha ya nyumbani kwao. Mbuzi wa mtu wameingia shamba la jirani wakala mahindi, na mwenye shamba amewafunga. Je, ni haki? Mtoto mmoja alishika kwamba ni haki, kwa kuwa mali imeliwa. Sauti nyingine ikamuuliza kama ua wa shamba ulikuwa umesimama au umeanguka, kwa sababu kama umeanguka na mwenye shamba anajua, basi lawama ni ya wote wawili. Tena, ikasema sauti ile, mmoja wa mbuzi hao ana mtoto anayenyonya, na huyo mtoto amefanya kosa gani?

Nikachungulia. Alikuwa Mapenzi, ameshika kiuno, na wenziwe wamekaa mchangani wanamsikiliza kama wazee wa baraza. Aliponiona akanyamaza. Wote wakanyamaza, na wawili watatu wakainamisha vichwa, maana siku hizo aliyesikika akisema Kigiriama shuleni alivishwa kibao cha mbao shingoni akae nacho mpaka jioni. Kibao hicho kilikuwa kwenye droo ya meza yangu.

Nilikasirika siku ile na hasira hiyo sijaimaliza mpaka leo. Chuoni tuliambiwa kwamba watoto wa mashambani hawana maneno. Katika chumba cha walimu tuliambiana hivyo hivyo kila chai ya saa nne, tukitikisa vichwa kwa huruma. Maneno walikuwa nayo. Sisi ndio tuliokuwa tukisimama mlangoni kila asubuhi tukiwapokonya.

Basi usidhani nilijua la kufanya. Niligeuza madawati watoto watazamane, nikawauliza, "Je, maji ni muhimu?" Wakajibu, "Ndiyo, mwalimu." Tukabaki tumekodoleana macho. Nani angebishana na maji? Wiki iliyofuata nikatafuta swali lenye pande mbili, na Charo akalimeza peke yake. Charo alikuwa mtoto wa mwenye duka la simenti, mwenye sauti kama ya baba yake, na akishaanza kusema hakuna aliyeweza kupenya. Mimi nami nilikuwa nawaharibia. Mtoto akisema neno, namsahihisha ngeli. Anaporudi kulisema sawasawa, ameshasahau alikuwa anaelekea wapi. Na kila jibu nililirudia kwa sauti, darasa zima lisikie, kwa hiyo hakukuwa na haja ya mtu kumsikiliza mwenziwe. Wangoje tu, mwalimu atasema.

Aliyeniponya ni mafua. Nilikwenda kazini sauti imekauka kabisa, siwezi kurudia jibu la mtu wala kusahihisha. Nikaandika swali ubaoni, nikakaa kwenye dawati la nyuma. Kwanza walinitazama. Wakanitazama mpaka wakachoka. Kisha msichana mmoja akasema jambo kwa sauti ndogo, mwingine wa upande wa pili akamwambia, "Sijakusikia, sema tena," na yule akasema tena. Dama, nimefundisha miaka mingi, na sijui somo nililolifundisha vizuri kuliko lile ambalo sikuweza kusema neno.

Tangu hapo nikajifunza polepole. Nikawaacha waanze na jirani wa dawati, kwa lugha yoyote waitakayo, ndipo waseme mbele ya wote. Kibao nikakirudisha kwa mwalimu mkuu nikamwambia kimenishinda. Nikawazoesha kwamba kabla ya kumpinga mtu useme kwanza ulichomsikia akisema, naye akubali kwamba ndicho. Hilo lilichukua muda. Mara ya kwanza Mapenzi alipomwambia Charo hakubaliani naye, Charo alilia, machozi kabisa. Kwao mtu anayekupinga amekutukana. Nikakaa naye barazani nikamweleza kwamba Mapenzi alikuwa amelishika neno lake, akaligeuza, akalitazama pande zote, na kwamba neno la kijinga hakuna anayehangaika nalo hivyo. Akafuta kamasi akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli, akarudi ndani kumjibu.

Wenzangu waliliita darasa langu soko. Nikaliona jina zuri tu. Sokoni angalau watu hujibizana.

Sasa nikufikishe kwenye jambo ambalo sijawahi kukueleza.

Mwaka ule shule ilikuwa ikijiandaa kupokea wageni, na mwalimu mkuu aliamua kujenga geti la chuma lenye jina la shule kwa herufi za rangi. Simenti na mchanga vikamwagwa uwanjani, watoto wakawa wanavizunguka. Nikaona hilo ni swali halisi, wanaliona kwa macho yao. Nikawauliza: kama vifaa hivi vingekuwa vyenu, mngetengeneza nini kwanza?

Charo alisimamia geti. Alieleza vizuri: ng'ombe wanaingia, wanakula miche tuliyopanda, na bila geti kila tukipanda tunalisha ng'ombe wa watu. Wengi wakamfuata. Mapenzi akasema amemsikia Charo kuhusu miche, lakini yeye angeanza na choo cha wasichana, kwa sababu sakafu ya kile chumba cha mwisho hucheza ukiikanyaga. Charo akamuuliza amejuaje kwamba inacheza, pengine ni woga wake tu. Mapenzi akamwambia aende akasimame mwenyewe. Wakacheka, maana Charo hawezi kuingia choo cha wasichana. Lakini Charo hakucheka. Alisema basi waende wasichana wengine, wasiokuwa marafiki wa Mapenzi, wakatazame kisha waje waseme.

Wakaenda. Waliporudi walieleza kwamba kuna ufa ukutani kwa chini, na mmoja alikuwa ameingiza bua la mahindi kwenye ufa ule likazama karibu lote. Charo akasimama akasema, "Mimi nilikuwa upande wa geti. Sasa nimehama." Akakaa.

Nimehudhuria mikutano ya wazazi, ya kanisa na ya ukoo, na watu wazima waliofanya hivyo mbele yangu hawazidi vidole vya mkono mmoja. Na huyo alikuwa mtoto ambaye muhula uliotangulia alilia kwa kupingwa.

Wakaniuliza sasa nani aambiwe, nikawaambia ni mwalimu mkuu. Wakawachagua Mapenzi na Charo, nami nikafuatana nao hadi ofisini. Walisalimia, shikamoo mwalimu, wakaeleza kwa zamu, bila kelele. Mwalimu mkuu aliwasikiliza huku akisoma simu yake. Walipomaliza akauliza, "Nani amewatuma?"

Mapenzi akajibu, "Hatukutumwa. Tulizungumza, tukaona."

Akawapigisha magoti nje ya ofisi, juani, mpaka kengele ya chakula. Nilipomkabili akaniambia nawafundisha utovu wa adabu, kwamba leo ni choo na kesho watamuuliza habari za matumizi ya shule, na kwamba kazi ya mtoto wa darasa la nne ni kusoma. Nikamwambia wamesoma, wamesoma sakafu. Hakupenda. Nilirudi darasani nikaomba misumari na ubao kwa fundi wa geti, nikaufunga mlango wa kile chumba kwa mikono yangu. Nikaiandikia kamati ya shule, hawakunijibu. Siku moja kabla ya wageni kuja, mwalimu mkuu akaamuru ubao ule ung'olewe, kwa sababu mlango uliopigwa misumari unaitia shule aibu.

Geti lilizinduliwa. Watoto waliimba. Mimi nilisimama na darasa langu nikiwa nimeuma meno mpaka taya likaniuma.

Haikupita muda mrefu. Alikuwa mtoto wa darasa la kwanza, jina lake Nyevu, hata alikuwa hajajua vizuri kufunga vifungo vya sketi yake. Sakafu ilikatika akaning'inia kwa viwiko, nusu yake ndani ya shimo. Mapenzi alikuwa chumba cha pili. Alilala kifudifudi kwenye uchafu ule, akamshika mtoto chini ya makwapa, akaita majina ya wenziwe mmoja mmoja, na wasichana wa darasa langu wakaja wakamshika yeye miguu, maana walijua ni chumba gani na walijua sakafu haitabeba mtu mwingine. Nilipofika walikuwa wameshamtoa. Mguu ulikuwa umechanika mpaka mfupa unaonekana. Tulimpeleka hospitali Kilifi, akiwa amepakatwa na mwalimu wa darasa lake, na mtoto hakulia njia nzima. Alikuwa akitetemeka tu.

Nyevu alipona. Nakwambia mapema ili usisome ukiwa umeshika pumzi. Anachechemea kidogo, basi.

Wazazi wakaitwa mkutanoni. Mwalimu mkuu alisimama akasema ni ajali, na kwamba tumshukuru Mungu kwa sababu hakuna aliyejua kama sakafu ile ilikuwa mbovu. Nilikuwa nimeshainuka kwenye kiti nimjibu, sauti nyingine ikanitangulia kutoka mlangoni. Watoto walikuwa wamekusanyika nje madirishani, na Mapenzi alikuwa ameingia, amesimama, anaomba ruhusa aseme. Mjumbe mmoja wa kamati akamwambia atoke, huu ni mkutano wa wakubwa. Mama yake, yule wa viazi, alikuwa amekaa nyuma na leso yake yenye madoa ya mafuta. Hakuinuka. Alisema tu, "Mwacheni aseme, halafu mtamtoa."

Mapenzi akamgeukia mwalimu mkuu. "Nimekusikia ukisema hakuna aliyejua," alisema. "Sikubaliani nawe, mwalimu. Sisi tulikuja kukwambia. Ulituuliza nani ametutuma."

Hakuongeza neno. Hakumtukana, hakulia, hakunyoosha kidole. Charo akaingia akasimama karibu naye, akasema na yeye alikuwepo. Baba yake Charo, ambaye simenti ya geti ilitoka dukani kwake, aliinama akashika kichwa. Baba yake Nyevu akamuuliza mwalimu mkuu kama watoto wanasema kweli, naye mwalimu mkuu akaanza kukusanya karatasi zake mezani.

Ungependa nikwambie haki ilitendeka. Wazazi walijenga vyoo vipya, kwa mikono yao, na hilo ni kubwa. Mwalimu mkuu alihamishwa akapewa shule kubwa zaidi. Na mimi nikapata barua ya uhamisho kwenda Kakuyuni, kwa kile walichokiita maslahi ya kazi. Mtu wa ofisi ya elimu aliniambia kwa mdomo, bila kuandika popote, kwamba mwalimu anayewachochea watoto wadogo hakai mahali pamoja.

Ndiyo sababu tulihama, Dama. Ulikuwa umeanza darasa la pili katika shule nyingine, ukaacha rafiki zako na kwaya yako na chumba chenye dirisha kubwa, ukaninunia muhula mzima. Uliniambia napenda kazi yangu kuliko ninyi. Baba yako aliona bora tusikueleze, usije ukaogopa walimu. Nami nikanyamaza. Nilichofikiri jana nikiwa jikoni, nimesimama mbele ya wali uliokwisha iva, ni kwamba nilijua kuwafungua midomo watoto wa watu wote, na wangu nikamwacha akue bila kujua kwa nini mama yake alifukuzwa kwenye darasa lake. Hukujua, basi ukacheka tu na mjomba wako. Kwa hiyo hasira hii si yako yote. Lakini fungu lako unalo, lichukue.

Watu nikiwasimulia huniuliza Mapenzi amekuwa nani. Wanataka niseme wakili. Anashona nguo Malindi, karibu na soko, ana watoto, ana maisha yake. Hakuwa na deni la kuwa mtu mkubwa ili iwe halali kwamba alisema kweli akiwa mtoto. Sipendi mtu anayeniambia tuwafundishe kuzungumza ili kesho wawe viongozi. Mtoto aliyesimama juu ya sakafu inayocheza anahitaji kusikilizwa leo.

Unakokwenda, Tana River, watoto wengi watakuja na Kipokomo au Kiorma kutoka nyumbani, na kwa Kiswahili watajikwaa. Wakijikwaa usiwainue kwa kuwasemea. Tafuta mmoja wao akufundishe salamu za kwao, ukosee mbele yao, wakucheke. Mtoto aliyewahi kumsahihisha mwalimu wake bila kupigwa hawi tena mtoto yuleyule.

Wenzako watakutisha kuhusu mtihani, na hawatakuwa wamekosea. Mtihani upo, na wazazi watakuhukumu nao. Fundisha. Lakini usiwafanye watoto wachague kati ya kufaulu na kuwa na neno lao. Na usidhani ukishawapanga duara umemaliza. Nimewaona walimu wanaokaa duara na watoto, wakitabasamu, na ndani ya duara hilo hakuna anayeruhusiwa kusema jambo ambalo mwalimu halipendi. Hilo nalichukia kuliko fimbo ya Kazungu. Fimbo angalau haikudanganyi.

Siku utakayowauliza swali la kweli kwa mara ya kwanza, watanyamaza. Utasikia jasho mgongoni. Utatamani kuuliza swali jingine, au kulijibu mwenyewe, au kumtaja yule mwenye mkono juu kila wakati. Usifanye. Kaa chini uwangoje, hata ukiona dirishani mtu anachungulia na kujiuliza kama mwalimu huyu amelala. Na wakishaanza kusema, uwe tayari kwenda nao wanakokwenda, mpaka ofisini ikibidi. Kama hutaenda nao, usiwafungue midomo. Ni ukatili kumfundisha mtoto kusema kisha umwache peke yake amepiga magoti juani.

Kesho nitakusindikiza kituoni na sitagusia hata neno la haya, kwa sababu shangazi yako atakuwepo na atalia. Ukifika, pumzika, kisha unipigie simu. Usinipigie kuniambia umefika salama, hilo utamwambia yeye. Mimi uniambie nimekosea wapi katika barua hii. Nina hakika kuna mahali. Nitakuwa bado nimekasirika, nakuonya mapema, lakini nitakusikiliza mpaka umalize.

Mimi,
Mama yako